Fine ya Kihara

Kihara alizaliwa Rongai, kwa mfanyabiashara wa mahindi, na shule aliiacha kidato cha pili kwa sababu, alivyotueleza mwenyewe, walimu walikuwa wakimwonea wivu. Baadaye alikata nyasi miaka mitatu katika hoteli moja ya watalii karibu na Naivasha. Wageni walipompita asubuhi walimuuliza hali, naye akajifunza kuwajibu "fine". Kiingereza alichotoka nacho hotelini kilikuwa hicho tu. Alikuja nacho kwenye shamba letu la maua kando ya ziwa, akafanywa supavaiza wa wapiga dawa, na mimi nilikuwa mmoja wa sita aliopewa.

Neno hilo moja alilitumikisha kama punda. Ukimwambia pampu inavuja, anasema "fine", yaani nimesikia, niondokee. Ukimwomba ruhusa ya kwenda mazishi, "fine", kisha ukirudi unakuta umeandikwa mtoro. Msichana mpya akipita, "fine sana huyo." Maua mazuri yalikuwa fine, na yaliyooza pia, mradi meneja hayupo. Mwanzoni tulicheka. Baadaye tuliona kwamba mtu asemaye neno moja kwa kila jambo ni vigumu kumshika kwa uongo, na tukaacha kucheka.

Agosti mwaka jana vililetwa vichwa vipya vya pampu, vya aina tatu. Jepkosgei, mtaalamu wetu wa dawa, alikuwa Nakuru siku hiyo, akapiga simu kwamba tuchague kulingana na upepo. Kihara alizigeuza pakiti mkononi, akasoma kwa sauti: fine, medium, coarse.

"Hii coarse hata jina ni baya," akasema. "Medium ni ya watu wa katikati. Sisi tunatumia fine."

"Boss," nikamwambia, "hapo fine si nzuri. Ni matone madogo kabisa, kama ukungu; coarse ndiyo makubwa. Na upepo umeanza kutoka ziwani."

"Wewe ulisoma wapi?"

"Molo."

"Molo wanafundisha viazi. Beba pampu."

Nikabeba.

Ile dawa haikuanguka kwenye maua hata kidogo. Iliinuka, ikatembea taratibu hadi upande wa pili, ambako akina mama kumi na wawili walikuwa wakipalilia. Karibu nasi zaidi alikuwa Truphosa, jirani yangu pale mtaani Karagita, tunayepakana naye ukuta. Nilimsikia akipiga kelele, "Zimeni! Mnatuua!" Kihara, aliyekaa kivulini, akamwinulia kidole gumba. "Fine! Fine!" akamjibu. Nilizima pampu bila kumuuliza, lakini Truphosa alikuwa tayari amepiga magoti, anajipangusa macho kwa kanga.

Wanne walipelekwa zahanati. Jioni Kihara aliandika ripoti yake, nami niliiona: wafanyakazi fine, hali ya hewa fine, dawa fine. Hiyo ya mwisho pekee ndiyo iliyokuwa kweli, naye hakujua.

Jepkosgei alirudi asubuhi, akatuita stoo sote sita pamoja na Kihara, ile ripoti mkononi.

"Hii fine ya kwanza maana yake nini?"

"Ni wazima, madam."

"Truphosa hajafungua jicho la kushoto tangu jana. Na hii ya dawa?"

"Ni nzuri, madam."

Jepkosgei hakubishana. Alitia maji safi kwenye pampu, akafunga kichwa kilekile, akatutoa nje, akasimama mbali upande unakotoka upepo na kupuliza. Kihara alilowa uso mzima akiwa bado anasubiri kuona maji yanaenda wapi.

"Madam," akasema akijipangusa, "hiyo si heshima."

Hilo tu ndilo lililomuuma. Hakuuliza habari za wale akina mama, wala siku hiyo wala nyingine. Hakufukuzwa, alipelekwa getini kuandika namba za magari, na huko anasimama amevaa koti lililopigwa pasi kama waziri. Mtu mtupu vile sijapata kumwona.

Nafasi yake nilipewa mimi.

Truphosa alipona baada ya wiki tatu, ila jicho bado linatoa machozi akikaa juani. Hakurudi shambani. Anauza sukuma wiki mbele ya ploti tunayopanga. Siku moja nilisimama kununua, akanifungia fungu langu, kisha akaniuliza bila kuniangalia:

"Wewe ulijua ile dawa itatufikia?"

"Nilijua. Nilimwambia."

"Halafu ukabeba pampu."

"Nikabeba."

Alichukua kisu, akaendelea kukatakata mboga za mteja aliyekuwa nyuma yangu.