Samli Kwenye Waya wa Printa

Kompyuta yetu pale Lushoto ilikuja siku za mwishomwisho za Ujamaa, wakati hata sabuni tunaipangia foleni. Ilikuwa mali ya mradi wa kuhifadhi udongo, na mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia. Basi wiki moja ya ukungu mzito, printa ikagoma. Naiagiza ichape, imeninunia kama wifi.

Mkuu wa mradi akaja juu. Alikuwa Msambaa mwenzetu, ila tangu apate cheo, shikamoo kwa wazee ilikuwa imemshinda. Alisema kuna mtu kachezea mashine, na akimjua atamfukuza hata kama amebakiza mwezi kustaafu. Roho iliniuma. Aliyekuwa anangoja kustaafu ni mmoja tu, mzee mhudumu wetu, na ndiye aliyekuwa akichomoa nyaya kila jioni kwa kuogopa radi.

Nikaanza kutafuta. Printa peke yake ilichapa karatasi ya majaribio vizuri tu. Kasi ya kompyuta kutuma maandishi na ya printa kuyapokea zilikuwa sawa. Ukabaki waya. Nikauchomoa, nikachungulia plagi: vitundu vyote vimezibwa na kitu kilichoganda kwa baridi. Nikanusa. Samli.

Jamani, mzee wa watu! Kwetu jembe haliwekwi bila kupakwa mafuta, lisipate kutu. Naye kaitoa samli ya nyumbani kwake, siku zile za shida, kaipaka mashine ya serikali. Nilitaka kucheka, nikashangaa machozi yananilenga.

Nilikuwa nasafisha kwa kijiti na spiriti ya zahanati mkuu alipoingia. Mzee alikuwa nyuma yake na birika la chai.

"Umeona nini?" mkuu akauliza.

"Ukungu, mkuu. Umeingia kwenye plagi."

Akaichukua, akainusa. Akamtazama mzee. Mzee akaelewa, akaliweka birika chini. Sikufichi, dakika ile nilimchukia yule mkuu.

"Marehemu baba alikuwa anapaka jembe lake hivi hivi," mkuu akasema taratibu, akanirudishia waya. Nikauchomeka, na printa ikaanza kukwaruza karatasi.

Mkuu akamgeukia mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba. Ukungu huu usirudi tena."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. "Hautarudi."