Kitanda cha Saba Hakina Damu

Kitendawili: wote wamevaa nyekundu, ukiwafungia chumba kimoja wanauana.

Wajukuu wangu walishindwa, wakanipa mji. Jibu ni damu. Nami nililijulia wodini, siku ambayo binti yangu alikutwa na damu mbili.

Alikuwa amejifungua, damu ikamtoka mpaka midomo ikawa kama majivu. Daktari akaagiza aongezwe haraka.

Akaja muuguzi wa kuchukua damu ya kupima. Nilimbandika jina Chapuchapu. Vichupa kavibandika karatasi za majina tangu mezani kwake, akifika haulizi mtu, anatazama namba ya kitanda tu. Mimi nilikuwa nje nafua kanga.

Baadaye akaja mzee wa maabara, miwani imefungwa uzi.

"Nataka damu yake tena."

"Tena?" mkwe wangu akamrukia. "Mke wangu kisima?"

"Mgonjwa mgeni tunampima mara mbili, kwa vichupa vya nyakati mbili."

"Basi nitoeni mimi, mkamwekee. Damu zetu zimepatana, ndiyo maana nikamwoa."

"Hiyo ni ndoa, baba. Mimi napima damu."

Nami, mdomo mrefu, nikadakia: "Mzee, mtu anakufa, wewe unacheza na vichupa?"

Akamwinamia binti yangu. "Unaitwa nani, mama? Umezaliwa lini?" Akaandika palepale, akaenda zake polepole kama anayebeba mayai.

Aliporudi alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza kundi A. Ya pili kundi O.

"Nimerudia. Huyu ni O. Ile A ingemuua."

Nikamgeukia Chapuchapu, aliyekuwa akipita. "Hata muuza karanga hutazama anampa nani. Wewe sare umevaa ya nini? Kufukuzia nzi?"

Wodi nzima ikacheka. Akainamisha kichwa. "Bibi, mimi nilichukua kitanda cha saba, kama ilivyoandikwa."

"Na mwanangu yuko cha nane. Hujui hata kuhesabu?"

Ndipo binti yangu akaninong'oneza: "Mama, si ulinihamisha wewe asubuhi?"

Kweli. Bati lilikuwa linavuja juu ya cha saba. Nikamhamishia cha nane kimyakimya, nisimwambie mtu. Mgonjwa aliyelala sakafuni akaona heri matone kuliko saruji, akapanda cha saba.

Kicheko kikahama, kikanikalia mimi.

Binti yangu aliwekewa O, leo ananichambulia mchele hapa.

Ukiulizwa jina mara tatu hospitalini, jibu mara tatu, wala usinune. Kitanda hakina damu. Siku ile tulikuwa wajinga wawili wodini, ila mmoja tu ndiye aliyevaa sare.