Mama Gia na Giaboksi Mbili

Pikapu imeshatoka kwenye geti la gereji, inavuta trela lenye mashine ya kuchimba visima, na Mama Gia bado anahangaika kufunga mlango wa abiria. Amevua viatu. Kwa nyayo zake anasikia gia inavyobadilika kabla masikio hayajapata habari.

Anayeendesha ni shemeji yake, mwenye gari. Kesho anapeleka mashine hii mlimani. Akikwama, kazi anapewa mwingine. Wiki iliyopita walipanda kilima hikihiki kilicho mbele yao kwa giaboksi yake ya zamani, otomatiki ya gia nne. Leo wanaijaribu ya gia sita, ambayo Mama Gia ndiye aliyemshauri ainunue.

"Ile ya gia nne ni punda," anasema. "Unaipiga, inakwenda. Ila injini inapiga kelele na kunywa dizeli utadhani ya bure. Hii gia zake zimekaribiana, injini haihemi."

Katikati ya kilima gia inateleza. Injini inanguruma, gari halisogei.

"Mama Gia, hii sita yako ni ya kuendea harusini!" Shemeji anacheka, lakini jasho linamtoka. "Nirudishie punda wangu."

Mama Gia amekuwa akifungua giaboksi kwa miaka kumi na tisa. Habishani. "Vuta breki. Usizime injini."

Anashuka pekupeku, anachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Kikavu! Anampigia simu mumewe, fundi wa injini pale pale gereji.

"Baba watoto, oili ya giaboksi ulipima injini imezimwa?"

"Kwani inapimwaje?"

"Hivyo unapima injini zako! Giaboksi hii inapimwa injini ikiwaka, ikiwa moto. Ukizima, oili inashuka yote chini, unaona imejaa. Kumbe njaa tupu!"

"Nisamehe, mama."

"Leo unapika wewe."

Anaongeza oili kutoka galoni la nyuma, kidogo kidogo, akipima. Wanaondoka tena. Pikapu inapanda na mzigo wake mpaka juu.

"Umesikia gia zikibadilika?" anauliza Mama Gia.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo kazi yangu hiyo," anasema, kifua mbele.

Shemeji alifikisha mashine kesho yake na bado anachimba visima. Giaboksi ya gia nne iko kwenye pikapu ya muuza mbao, huko tambarare. Mume anatengeneza injini. Oili ya giaboksi haigusi. Mama Gia anatafuta kiwanja cha gereji ya giaboksi tu.