Madirisha ya Wodi ya Watoto

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, katika hospitali moja mjini Shinyanga, sikushika sindano wala dawa. Muuguzi Mkuu, mama mrefu asiye na maneno mengi, aliniambia, "Binti, fungua madirisha ya pande zote mbili. Hewa iingie huku, itokee kule. Ukimaliza, njoo tuzungumze habari za dawa." Nilidhani ananitania.

Nilimwelewa vizuri nilipohamishiwa hospitali ndogo upande wa Geita. Wodi ya watoto ilikuwa moja tu. Surua ilipoingia, tuliwalaza wagonjwa wake upande mmoja, maana hatukuwa na chumba kingine. Virusi vya surua hubaki vikielea hewani hata mgonjwa akishatoka, kwa hiyo niliwahofia watoto waliolazwa kwa mambo mengine. Zaidi nilimhofia Kabula, mtoto mdogo aliyeungua mguu kwa uji wa moto. Bibi yake ndiye aliyemuuguza, na kila nilipofungua dirisha yeye alilifunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona umefunga tena?"

"Upepo una baridi. Mtoto ana kidonda, unataka apate na kichomi?"

Hakuwa mkorofi. Asubuhi za kiangazi kule zina baridi kweli. Nikamwongezea Kabula blanketi na kusogeza kitanda chake kando ya mkondo wa upepo. Kisha nikamwita bibi kwenye chumba cha kufungia vidonda, kilipokuwa hakina mtu. Nilifunga madirisha, nikachoma kipande cha gunia ndani ya kopo. Moshi ukajaa, ukatulia.

"Tuseme hii ni pumzi ya mwenye surua," nikamwambia, kisha nikafungua madirisha mawili yanayotazamana. Moshi ukatoka wote.

Bibi alifuta macho, akacheka. "Kumbe humo ndani tunakula pumzi za wenzetu!"

Tangu hapo yeye ndiye akawa mlinzi wa madirisha. Mama mgeni akinyoosha mkono kufunga, alimwambia taratibu, "Mfunike mtoto, mayu," yaani mama, "dirisha liache." Wengi walimsikia yeye upesi kuliko mimi. Kabula alipona mguu, akaenda kwao bila kuipata surua. Siku ya kuondoka, bibi alituachia kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaila na chai wiki nzima.

Baadaye Mganga Mkuu wa Wilaya alituletea taa ya mionzi ya urujuanimno, inayoua virusi hewani. Fundi aliifunga juu kabisa ikielekea dari, kwa sababu mionzi ile huunguza macho na ngozi, na feni ikawa inapandisha hewa ipite kwenye mionzi. Akina mama waliipenda kwa mwanga wake wa samawati, wakaiita mbalamwezi ya hospitali.

"Taa hii ni msaidizi tu," Mganga Mkuu alituonya. "Jenereta likizima, tunarudi kwenye madirisha." Na lilizima mara nyingi, dizeli ilipokosekana.

Sasa nimestaafu. Wapo watu wazima wanaonisimamisha sokoni Kahama kunishukuru kwa sindano niliyowachoma utotoni, nami hufurahi. Lakini ninaowafikiria zaidi ni wale ambao hewa safi iliwakinga. Hao hawanijui, wala mimi siwajui, kwa kuwa hawakuugua.