Sauti ya Kumtuliza Mbuzi

Juzi, hospitalini Dodoma, nikisubiri kutumbuliwa jipu, nilimsikia muuguzi akimwambia mzee aliyekuwa anashonwa mguu: "Vuta pumzi taratibu, babu. Sikiliza tu inavyoingia na kutoka."

Sauti ile naijua.

Nilikuwa mtoto, nimejikata unyayo kwa jembe, na baba alinibeba mgongoni hadi zahanati ya kijijini kwetu, huko Mpwapwa. Chumba kilinuka spiriti. Upepo ulikuwa unagongagonga bati la paa. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye viganja vya moto, alinishika kisigino.

"Fumba macho, mwanangu. Vuta pumzi. Sikiliza hilo bati linavyolia."

Nikamshuku palepale. Upole ule niliuona nyumbani kila sikukuu. Baba alimkuna mbuzi shingoni, akamsemesha kwa sauti ya chini mpaka akatulia, huku kisu amekificha mgongoni. Nikachungulia. Mkono mmoja wa muuguzi haukuonekana.

"Baba, nachinjwa!"

Baba hakucheka. Aliniinamia sikioni. "Hapana, binti yangu. Sikiliza bati."

Kwa sauti ileile ya mbuzi! Nikampiga muuguzi teke la kifua.

Leo najua pumzi ile hupunguza hofu kweli, na siku ile baba hakuwa na kisu. Hata hivyo juzi, zamu yangu ilipofika na yule muuguzi akaniita kwa upole, nilimwomba kwanza anionyeshe mikono yote miwili.