Kiondo Kilichogeuzwa kwa Mteja wa Mbali

Mwezi uliopita nilikuwa mjini Embu, mtoto mgongoni, nikingoja kupigiwa barua taipu kwenye duka lenye kompyuta. Mbele yangu alikuwa mama mzee wa Siakago na kiondo kipya. Kikundi chake cha wasusi kilimtuma. Sokoni watu sasa hubeba mifuko ya kiwandani, na bila mteja mwingine wataacha kusuka.

"Maketing ya intaneti, cucu," karani wa duka alimweleza, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu, "ni kutangaza mali yako kwa kompyuta. Mtu wa Ulaya anasoma, akipenda anaagiza."

"Anasoma lini?"

"Hata leo hii."

Kiondo cha mkonge wa kwetu Mbeere kisomwe Ulaya kabla sijafika nyumbani!

Mama alishika shavu. "Na atakigeuzaje?"

Kwetu hakuna anunuaye kiondo bila kutazama kitako. Akakipindua mwenyewe. "Andika kwamba hapa uzi uliisha, nikaunga wa rangi nyingine."

"Cucu, utafukuza wateja! Maketing ni kusema mazuri."

"Mikono yake haifiki huku. Mgeuzie wewe."

Karani alicheka, akamtazama, akaacha kucheka. Alikipokea kwa mikono miwili, akaandika habari za uzi ule, akamsomea polepole.

Juzi jibu lilikuja kutoka Ulaya, na karani akapanda gari mwenyewe hadi Siakago kulipeleka. Mteja wa huko anataka viondo kumi na viwili, ila kila kimoja kiwe na uzi wa rangi nyingine kitakoni.