Biti ya Ukuta kwenye Mlango wa Kabati

Mende alikuwa ndani ya kopo la unga, mzima, akichezesha masharubu kama mwenye nyumba. Mama alimtoa kwa kijiko, akachekecha unga, akaendelea kukanda. Maandazi yale yaliliwa asubuhi hiyo hiyo na watu wa maduka ya chini yetu, hapa Kariakoo. Mimi sikugusa.

"Siku mteja akimwona, ndiyo basi tena," Mama alisema. Maandazi ndiyo kazi yake pekee. Akanunua chipbodi nyeupe, akamwita fundi waliyefahamiana naye tangu Lindi amtengenezee kabati la milango miwili.

Fundi alikuja na drili na biti moja ya kutobolea, ncha yake butu na pana, bado ina vumbi la saruji.

"Shikamoo, fundi," nikamwamkia. "Hiyo si ya ukuta?"

"Marahaba. Biti ni biti, msomi. Itoboe zege, ishindwe na haya makapi?"

Lakini chipbodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na juu yake ngozi nyembamba ya plastiki. Biti ya ukuta haikati, inasaga. Moshi ulitoka, gundi ikanuka kama nywele zinazoungua, ile ngozi nyeupe ikabanduka kama kigaga cha kidonda. Tundu likawa pana mno, skrubu ikazunguka tu. Fundi akachomoa mdomoni njiti ya kiberiti aliyokuwa akichokolea meno, akaivunja, akaishindilia tunduni na mate yake, akakaza.

"Umeona?" Mama akapiga makofi. Siku ya tatu mlango ulilegea, ukaacha upenyo wa kidole. Mende hahitaji zaidi ya hapo.

Mlango wa pili nilikataa asiuguse. Nikaenda kwenye duka la vifaa, mtaa wa tatu. Madukani kwetu huuziwi balbu kabla hujawashiwa uione. Muuzaji akanipa biti inayong'aa rangi ya dhahabu.

"Hii inatoboa chochote, bosi wangu. Mbao, chuma, ukuta."

Niliisugua. Dhahabu ikabaki kwenye dole gumba langu. Nikatoa kipande cha chipbodi kwenye mfuko.

"Balbu mnajaribu. Jaribu na hii."

"We kaka, umekuja kununua au kufanya utafiti?"

Foleni nzima ikacheka. Akatoboa, kipande kikamomonyoka mikononi mwake. Bila haya akaifuta ile biti kwenye suruali, akairudisha kwenye pakiti, akaitundika kwa ajili ya mjinga mwingine. Kisha akainama, akatoa droo nyingine: biti nene na nyembamba, kila moja na ncha kama sindano katikati na makali mawili pembeni.

"Za mbao hizi. Tunawapa wanaouliza."

Nyumbani nilijaribu kwanza kwenye kipande. Mbele tundu lilikuwa safi, lakini nyuma, biti ilipotokea, chipbodi ilipasuka. Fundi, aliyekuja kukaza mlango wake, akanicheka.

"Weka ubao nyuma, ubane vizuri. Usisukume, iache ikate yenyewe. Na kwa bawaba chukua biti nyembamba kuliko skrubu, usitoboe hadi upande wa pili."

Nilimkodolea macho. "Kumbe unajua?"

"Miaka yote hii nisijue?"

"Sasa mlango wa Mama?"

"Mama yako hakuuliza."

Nilitoboa kama alivyosema. Skrubu zilishika, mlango ukafunga usiache hata upenyo wa kupitisha karatasi. Mama akahamishia kopo lenye unga mpya upande huo. Halafu akammiminia fundi chai, akamwekea maandazi mawili ya asubuhi, ya unga uliolala nyuma ya mlango ule wa fundi mwenyewe, wenye upenyo. Fundi alikula yote, akalamba vidole, akayasifu.

Sikumwambia kitu. Hakuuliza.